Rangi haiponyi ukuta wenye maji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu makala iliyotoka kwenye ukurasa wenu wa makazi, ile iliyofundisha namna ya kuipamba nyumba kabla ya kuiuza. Mwandishi aliandika vizuri na mengi aliyosema sina ugomvi nayo. Kufagia, kupunguza vitu, kufungua madirisha, nani atabisha? Ila alipofika kwenye rangi nililazimika kuweka gazeti chini na kuvua miwani. Alidai kwamba doa lolote la ukutani linamalizwa na koti moja la rangi mpya.

Mimi nimekuwa fundi rangi kwa miaka 31. Yaliyonistaafisha ni magoti, ngazi hainitaki tena. Katika miaka hiyo wateja wangu wengi hawakuwa watu waliomaliza kujenga, walikuwa watu wanaouza. Anayehamia nyumba mpya mara nyingi hushika rola mwenyewe na rafiki zake siku ya mapumziko. Anayeuza humwita fundi, tena humwita amechelewa, dalali ameshapanga kuleta watu keshokutwa. Kwa hiyo hilo koti moja nimelipiga mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na najua linakoishia.

Nisimulie moja tu. Mama mmoja aliniita kwenye nyumba yake aliyokuwa anaiuza. Chumba cha nyuma kilikuwa na doa ukutani, kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti. Rangi ilikuwa imevimba malengelenge, na juu ya doa ulipita mstari mweupe kama unga uliomwagika. Fundi yeyote anaujua mstari ule. Ni chumvi. Maji yanapanda ndani ya ukuta, yanayeyusha chumvi iliyomo kwenye tofali na lipu, yakifika usoni pa ukuta yanakauka na chumvi inabaki pale. Nikamwambia, "Mama, ukuta huu unakunywa maji mahali. Nikiupaka leo, utaitapika rangi."

Dalali alikuwa amesimama mlangoni na simu mkononi. "Fundi, wewe piga tu," akasema. "Watu wanakuja Jumamosi."

Mama akaniangalia mimi, akamwangalia dalali, kisha akasema nipige. Nikapiga. Nilikwangua malengelenge, nikapitisha puti, nikapiga msasa, nikapaka nyeupe koti mbili, na jioni ukuta ulikuwa laini kama karatasi. Nilipokea malipo yangu yote. Hilo silifichi.

Jumamosi nilirudi kuchukua turubai na ngazi, nikawakuta wanunuzi. Mume, mke, na bibi mmoja ambaye nadhani alikuwa mama wa mume. Vijana walikuwa sebuleni wanapima kwa hatua. Bibi alikuwa anazunguka peke yake. Aliingia chumba cha nyuma, akavuta pumzi, akatoka. Akaingia chumba cha pili, akavuta pumzi tena, akarudi kile cha nyuma. Halafu akanigeukia mimi, maana nguo zangu zilikuwa zinasema zenyewe kazi yangu: "Mwanangu, mbona ni chumba hiki kimoja tu kinachonuka rangi?"

Sikuwa na jibu. Akainama taratibu na kuweka mgongo wa kiganja ukutani, pale pale usawa wa goti. Ubaridi wa ukuta uliolowa haufunikwi na rangi. Wale watu hawakurudi.

Kesho yake nilikwenda kwa hiari yangu, nikazunguka nje ya ule ukuta, jambo ambalo ilinipasa nilifanye kabla sijafungua ndoo. Bomba linaloshusha maji ya mvua kutoka kwenye gata lilikuwa limeachia kiungo chake cha chini, maji ya nusu nzima ya paa yanamwagika kwenye msingi. Zaidi ya hapo, mtu alikuwa amerundika udongo wa bustani ukutani hadi ukapita ule utando unaowekwa kwenye tofali za chini kuzuia maji yasipande. Kuondoa udongo na kurudishia kiungo ilikuwa kazi ya asubuhi moja, ya jembe na kipande cha bomba. Kilichokuwa kirefu ni kukauka. Makadirio tunayotumia mafundi ni kama mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene wa ukuta, tena dirisha likiwa wazi. Pima unene wa ukuta wako, kisha fanya hesabu mwenyewe. Hakuna koti la rangi linaloushinda muda huo. Rangi nyingi za mafuta zinazidisha tatizo, kwa sababu zinaziba vinyweleo na maji yanatafuta pa kutokea pengine, mara nyingi juu zaidi.

Yule mama hakuwa na miezi ya kusubiri. Nikamshauri kitu ambacho dalali alikiona ni wazimu: tuchune rangi yote ya pale chini, tuache lipu wazi, na kila mnunuzi apelekwe kwanza nje aone bomba jipya kisha aletwe ndani aone ukuta unaokauka. Kila baada ya siku chache nilichora kwa penseli mpaka wa unyevu, na tarehe pembeni. Mistari ikawa inashuka. Familia ya pili iliyoonyeshwa ile mistari ndiyo iliyonunua. Nyumba iliuzwa ikiwa na ukuta uliochunwa.

Tangu siku ile nilielewa kitu ambacho makala yenu haikukigusa. Mnunuzi haji kutafuta uzuri peke yake, anakuja na shaka. Anajua kuna mengi asiyoyaona: mabomba ndani ya kuta, nyaya juu ya dari, msingi chini ya ardhi. Kwa kuwa hayo hawezi kuyafikia, anayapima kwa yale anayoyaona. Koki inayodondosha maji jikoni inahitaji kipira kidogo tu, lakini mnunuzi akiisikia haondoi bei ya kipira. Moyoni anajiambia: mtu aliyeshindwa na koki, paa amelitunza vipi? Kisha anaondoa bei ya paa. Kuandaa nyumba, kwa ninavyoielewa kazi hii, ni kumpunguzia mtu huyo shaka kwa vitu vya kweli.

Ndiyo maana mteja akinipigia simu kutaka rangi, siku ya kwanza nilikuwa siendi na brashi. Nilikwenda na bisibisi, mafuta ya bawaba na daftari. Naanzia nje, pale mgeni atakaposimama akisubiri kufunguliwa. Watu husahau kwamba mnunuzi anasimama mlangoni dakika nzima bila kazi nyingine zaidi ya kutazama. Anaona kitasa kilicholegea, anaona buibui juu ya taa, anaona rangi ya mlango iliyopauka upande unaopigwa jua. Mlango wa mbele ndio sehemu pekee ya nyumba ambayo ningependa rangi yake iwe mpya na nzuri bila kujali hali ya kingine chochote. Ung'oe kitasa kabla ya kuupaka. Fundi anayezungushia brashi kitasa anaacha saini ya uvivu wake kwa kila atakayekishika.

Ndani, nafungua na kufunga kila mlango. Unaokwaruza sakafu unarandwa au unakazwa bawaba. Nawasha na kuzima kila swichi. Droo za jiko navuta zote. Kisha naomba wote nyumbani wafunge koki zote, nasoma mita ya maji, nasubiri saa nzima, nasoma tena. Namba ikiwa imesogea, kuna maji yanayotoroka mahali, na ni heri ukagundua wewe kabla ya mkaguzi wa mnunuzi. Mara nyingi ni choo, maji yanachirizika kimya kutoka kwenye tangi lake kwenda kwenye bakuli. Tia tone la rangi ya chakula ndani ya tangi na usivute maji. Rangi ikionekana kwenye bakuli baada ya muda, valvu imechoka.

Nyufa nazo zina lugha yake. Wenye nyumba huniita wakiogopa nyufa nyembamba kama unywele zinazotambaa kwenye lipu, ambazo hazina neno, na wanapita bila kushtuka kwenye ufa unaopanda kama ngazi kutoka kona ya dirisha. Mafundi na wahandisi wa Uingereza wana jedwali la nyufa wanalolitumia kwa kazi hii. Zisizozidi milimita 1 ni kazi ya kawaida ya fundi rangi, zikipita milimita 5 suala linaanza kuwa la jengo lenyewe. Upana peke yake hautoshi. Ufa unaoendelea kupanuka ni mbaya kuliko mpana uliotulia miaka kumi, ndiyo maana mimi huweka alama za penseli na tarehe kwenye ncha zake. Tumelelewa na methali ya kuziba ufa kabla ya kujenga ukuta, ila aliyeitunga hakuwa na puti ya dukani. Ufa wa msingi ukiujaza puti utakuwa na ufa ule ule, safari hii na kingo nyeupe zinazouonyesha kwa mbali. Huo mwite mhandisi, chukua maelezo yake kwa maandishi, yaweke mezani mnunuzi ayasome. Karatasi inayosema tatizo ni dogo ina nguvu kuliko ndoo tatu za rangi.

Bafuni kuna ile silikoni nyeusi kandokando ya beseni na vigae. Watu huisugua kwa dawa kali mpaka mikono inachubuka. Ukungu ukishaingia ndani ya silikoni hautoki. Ikate yote kwa wembe, kausha, jaza mpya, ni saa moja. Na tafadhali, katika ile hamu ya kung'arisha choo kabla ya wageni, usichanganye dawa ya klorini ya kung'arishia nguo na ile ya tindikali ya kusafishia choo, wala na kitu chenye amonia. Mchanganyiko huo unatoa gesi ya sumu. Niliwahi kumkuta kijana ameketi nje kwenye ngazi, macho mekundu, anakohoa, na dalali na wageni wake wakiwa njiani.

Na kama nyumba ni ya zamani, usikwangue rangi kwa msasa mkavu kabla ya kujua imepakwa nini. Rangi za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake linadhuru ubongo wa mtoto. Marekani ilizipiga marufuku majumbani mwaka 1978, na sheria ya huko inamtaka anayeuza nyumba iliyojengwa kabla ya mwaka huo amweleze mnunuzi kama anajua ina rangi hiyo. Inamtaka aseme, haimtaki apake juu yake anyamaze. Napenda sheria hiyo kuliko nyingi ninazozijua.

Sasa, Mhariri, nikiishia hapa nitaonekana fundi mwenye busara anayewafundisha wenye nyumba waliolala. Basi na mimi nieleze ya kwangu.

Magoti yalipogoma niliamua kuiuza nyumba yangu yenye ngazi nihamie ya chini. Nilijiambia hii ndiyo nyumba itakayouzwa kwa siku moja, maana imekaa na fundi miaka yote. Watu watano walikuja kwa vipindi, wakatabasamu, wakapotea. Dalali akasema nishushe bei. Sikutaka. Binti yangu anasoma uchumi, akanieleza jaribio moja lililochapishwa mwaka 1990. Wanafunzi waligawiwa vikombe vya kawaida, wengine wakaachwa bila. Waliopewa walipoulizwa watakubali kuviuza kwa kiasi gani, walitaja takribani mara mbili ya walichokuwa tayari kutoa wale wasiopewa. Kikombe walichokuwa nacho dakika chache tu! "Na wewe baba," akasema, "umekaa na kikombe chako miaka mingapi?"

Nikamwomba aje, aingie kama mtu asiyenijua. Hakufika hata sebuleni. Alisimama ukumbini, akashika pua. "Baba, nyumba inanuka thina."

Nilikataa. Nikavuta pumzi mara tatu mbele yake, sikusikia chochote. Chumba kidogo chini ya ngazi kilikuwa na makopo yangu, brashi zilizolowekwa kwenye thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, na matambara. Pua huzoea harufu isiyobadilika ndani ya dakika chache tu na kuacha kuitangaza. Mimi nilikuwa nimekaa nayo nusu ya umri wangu. Nyani haoni kundule, na fundi rangi hasikii thina yake. Wale watu watano wote waliingia, wakaisikia, na kwa adabu hawakusema. Harufu ya mbwa, ya sigara, ya zulia lililowahi kulowa, ni hadithi ile ile. Manukato hayasaidii, yanampa mnunuzi swali la yule bibi: kwa nini hapa pananukia hivi? Toa chanzo, fua mapazia, fungua madirisha siku kadhaa, kisha mlete mtu ambaye hajalala humo avute pumzi kwa niaba yako.

Cha pili kiliniuma zaidi. Ukuta wa ukumbi wangu, upande wa kushoto ukielekea ngazi, ndiko nilikokuwa najaribia rangi. Kila nyumba niliyopaka kwa miaka 31, kabla sijaipeleka rangi kwa mteja nilipiga mraba mdogo pale, upana wa brashi moja, nikausubiri ukauke nione rangi itakavyokaa asubuhi na jioni. Ukuta mzima ulikuwa viraka, samawati za kila aina, njano zilizopitwa na wakati, kijani cha hospitali fulani. Mimi nilipopita pale nilikuwa nasoma maisha yangu. Marehemu mke wangu alikuwa akiwaonyesha wageni viraka vya nyumba zao. Nilidhani mnunuzi ataupenda kuliko kitu kingine chochote ndani ya nyumba.

Binti yangu akaniuliza, "Wale waliokuja waliuliza nini kuhusu ukuta huu?" Nikakumbuka. Wawili waliniuliza kama ukuta ule ulikuwa na tatizo lililokuwa likirudi kila ninapolipaka.

Niliupaka mwenyewe, nikiwa nimekalia ndoo iliyogeuzwa kwa sababu ya magoti. Kazi ya saa tatu ilinichukua siku mbili. Rangi niliyoweka ni nyeupe yenye chembe ya kijivu, isiyomwambia mtu chochote, kwa sababu mnunuzi anahitaji ukuta ambao bado hauna mwenyewe. Hapo nakubaliana na mwandishi wenu kabisa. Rangi tulivu si suala la uzuri, ni kumwachia mtu nafasi ya kuweka yake akilini. Ila niupake ukuta mkavu, mzima, baada ya praima, ile rangi ya kwanza ya kushikiza nyingine, si kuufunika ukuta mgonjwa. Hapo ndipo tunapotofautiana.

Huko Marekani kazi hii ya kupanga nyumba inayouzwa imekuwa fani yenye watu wake, na anayetajwa sana kwamba ndiye aliyeianzisha ni Barb Schwarz wa Seattle, mwaka 1972. Kwa Kiingereza kazi hiyo huitwa "home staging", jina linalotokana na neno la jukwaa. Sina neno na jukwaa. Fundi wa jukwaa mzuri anapanga viti na taa ili watu wa nyuma nao waone. Toa kochi linaloziba dirisha, chumba kinakua. Toa nusu ya vilivyomo kabatini, kwa sababu kabati watalifungua, na lililojaa mpaka mlango linasema nyumba haina nafasi. Chumba kilichogeuzwa stoo kirudishie kitanda, mtu ajue ni chumba. Haya yote yanaonyesha nyumba ilivyo. Balbu pia. Kwenye boksi kuna namba yenye herufi K, 2700 ni mwanga wa njano, 6500 ni mweupe unaoelekea buluu. Chagua aina moja kwa chumba kimoja. Nimeona sebule nzuri inaonekana imeungwaungwa kwa sababu tu kila taa ilinunuliwa siku yake.

Picha sitazizungumza sana, si kazi yangu, ingawa nimekaa pembeni nikiwatazama wapigaji wengi. Simu nyingi siku hizi zina lenzi ile pana inayofanya bafu lionekane kama ukumbi wa harusi. Mnunuzi akifika na kukuta bafu la hatua mbili, hajalichukia bafu, amekuchukia wewe. Piga kwa lenzi ya kawaida, simu ikiwa usawa wa kifua, mapazia wazi, kifuniko cha choo kimefungwa. Siku hizi kuna na picha zinazowekewa samani na kompyuta. Sawa, mradi iandikwe wazi kwamba samani hazipo. Ila nimeona moja ambayo kompyuta iliondoa na doa la dari pamoja na kochi kuukuu.

Nirudi kwa madalali, maana najua baadhi yao watajibu barua hii. Siwachukii. Dalali mzuri anajua wanunuzi kuliko fundi yeyote. Ila ile haraka yao ya "piga tu, wanakuja Jumamosi" ina sababu yake, na binti yangu alinipa namba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008, wa mauzo ya nyumba karibu 100,000 katika eneo la Chicago, ulilinganisha nyumba ambazo madalali waliwauzia wateja na zile walizouza zikiwa mali yao wenyewe. Zao wenyewe ziliuzwa kwa bei ya juu kwa karibu asilimia 3.7, na zilikaa sokoni siku kama 10 zaidi. Yaani dalali akiwa na mali yake anajua kusubiri. Malipo yake ni sehemu ndogo ya bei, kwa hiyo kwa nyumba yako wiki moja zaidi ya kukausha ukuta haimpi kitu, wewe ndiye inakupa. Akikuharakisha, muulize angefanyaje kama ingekuwa yake. Mimi siku ile nilikuwa nimeshika brashi nikashindwa kuuliza.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni moja. Mwandishi wenu akiandika tena kuhusu kuandaa nyumba, aanze na doa limetoka wapi kabla hajafika kwenye ndoo. Na awaambie wasomaji waandike kwenye karatasi moja yale waliyotengeneza, lini na nani aliyatengeneza, waiweke mezani siku ya wageni. Mimi niliiweka yangu. Kwenye mstari wa tatu niliandika kwamba paa la nyuma liliwahi kuvuja, kigae kimoja kilibadilishwa, na kwamba tangu hapo dari imekaa kavu misimu minne. Mama aliyekuja wa sita aliisoma akiwa amesimama, akainua macho kutazama dari, akakaa chini. Hapo ndipo mazungumzo ya bei yalipoanza. Sikupata kile nilichokuwa nikikitaja mwanzo, lakini nilipata zaidi ya alichotaka dalali.

Siku ya kukabidhi funguo alinikuta chini ya ngazi, kile chumba cha makopo kimeshasafishwa na kupitishwa hewa. Nilimwachia rangi iliyobaki, makopo manne madogo, kila moja limeandikwa chumba chake na namba ya mchanganyo ili akitaka kuziba mkwaruzo asihangaike. Akayahesabu, akauliza la ukumbini liko wapi. Nikamwambia lile lilikwisha lote, ukuta ule ulikunywa koti tatu, na hata hivyo jua la saa kumi likiingia kwa pembeni unaweza kuziona kingo za viraka vingine. Alikwenda kusimama pale kutazama.

Wako,
Fundi rangi mstaafu